Mjumbe Aliyenyang'anywa Ujumbe: Uhakiki wa Filamu ya "The Day the Earth Stood Still" ya 1951 na ya 2008

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umeshughulikia kwa muda mrefu riwaya, tamthilia na ushairi, na baadaye ukaipokea fasihi simulizi kuwa taaluma kamili. Filamu haijapata bahati hiyo. Filamu ya kigeni hasa huonekana kuwa jambo la kupitishia wakati, lisilostahili kalamu ya mhadhiri. Msimamo huu una hasara. Hadithi nyingi wanazozipata vijana wetu leo, mijini na mashambani, ni hadithi za filamu, na nyingi kati ya hizo hazikubuniwa kwetu. Tusipozihakiki kwa lugha yetu na kwa vigezo vyetu, tutakuwa tumewaacha watazamaji wetu wazipokee jinsi zilivyoletwa.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza filamu mbili zenye jina moja, The Day the Earth Stood Still, yaani Siku Dunia Iliposimama. Ya kwanza ilitolewa Marekani mwaka 1951, mwongozaji wake akiwa Robert Wise na mtunzi wa maneno yake Edmund H. North. Ya pili ilitolewa mwaka 2008, mwongozaji wake akiwa Scott Derrickson. Chimbuko la zote mbili ni hadithi fupi ya Harry Bates iliyochapishwa mwaka 1940. Filamu ya kwanza imehesabiwa miongoni mwa kazi bora za hadithi za kubuni za kisayansi. Ya pili ilitengenezwa kwa gharama kubwa na kwa mitambo ambayo Wise hakuweza kuiota, lakini iliwavunja moyo wengi waliokuwa wakiipenda ile ya kwanza.

Dai letu ni kwamba filamu ya pili imeshindwa kwa sababu moja kubwa. Imeuondoa usemi wa mgeni mbele ya waja, nao usemi huo ndio uliokuwa mhimili wa hadithi nzima. Mengine yote, yaani ukubwa wa roboti, mwendo wa mambo na hata udhaifu wa mwisho wake, ni matokeo ya kosa hilo.

2. Kurudia hadithi

Yafaa kwanza tujiulize iwapo kurudia kazi ya mtu mwingine ni kosa. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi jibu ni la. Kila ngano tuliyo nayo imefika kwetu kwa kurudiwa, na kila fanani huongeza chumvi yake. Atabadili jina la mto, atamleta fisi mahali pa simba, atafupisha pale hadhira inaposinzia. Lakini kila ngano ina kiungo ambacho kikikatika hadithi huanguka, na fanani mwema hukijua kiungo hicho hata kama hawezi kukitaja.

Chukua mfano wa masimulizi ya Wakamba juu ya asili ya kifo. Mulungu alimtuma kinyonga awapelekee binadamu habari kwamba hawatakufa, au wakifa watafufuka. Kinyonga alifika, watu wakakusanyika, naye akaanza kusema kwamba ametumwa, kwamba ametumwa, asiweze kuendelea. Ndege mdogo aitwaye itoroko akamkatiza, akatangaza kwamba watu watakufa na kupotea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Masimulizi haya yana sura nyingi. Wapo wanaomweka mnyama huyu na wapo wanaomweka yule, lakini hakuna awezaye kuliondoa lile neno lililokwama mdomoni. Hapo ndipo kilipo kiungo: habari ilitoka juu, ikamfikia mjumbe, haikuwafikia watu, na kwa sababu hiyo wanakufa.

Vilevile tunao mafanani wa kisasa ambao kazi yao ni kuzirudia filamu za kigeni kwa mdomo. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamejulikana kwa kusimulia filamu kutoka Marekani, India na China juu ya picha zenyewe, wakiwatungia wahusika maneno ya Kiswahili. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba hawatafsiri kwa uaminifu. Hata hivyo wanatufundisha jambo moja. Wao wanapoirudia filamu huiongezea usemi, kwa kuwa wanajua hadhira yao haitatosheka na milipuko tu. Yataka kujua nani amesema nini na kwa nini. Waliorudia filamu ya 1951 walikwenda kinyume cha njia hiyo.

3. Filamu ya 1951: mgeni asemaye

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Chombo cha angani chatua katika uwanja mjini Washington. Anatoka mtu mmoja, Klaatu, ambaye uhusika wake ulichukuliwa na Michael Rennie, pamoja na roboti mkubwa aitwaye Gort. Klaatu anatoa kitu mfukoni. Askari mmoja anaingiwa na hofu, anampiga risasi. Baadaye twaambiwa kwamba kitu kile kilikuwa zawadi kwa Rais, chombo ambacho kingemwezesha kuchunguza maisha katika sayari nyingine. Hapa msanii ametupa mgogoro mzima katika tendo moja: elimu imeletwa mkononi, na woga umeivunja kabla ya kuuliza ni nini.

Klaatu anaomba kukutana na wawakilishi wa mataifa yote. Anajibiwa kwamba mataifa hayawezi hata kukubaliana mahali pa kukutania, kwa sababu ya uhasama wa Vita Baridi. Ndipo anapotoroka na kupanga chumba katika nyumba ya kawaida, akijiita Carpenter. Jina hilo maana yake ni seremala, na anayejua habari za seremala mwingine aliyeuawa akafufuka hatakosa kuona kiini cha fumbo. Katika nyumba hiyo anakaa mezani na wapangaji, anasikiliza wanavyomjadili bila kumjua, anafanya urafiki na mtoto Bobby, anazuru makaburi ya askari ambako baba ya mtoto huyo amezikwa. Kwa maneno mengine, mgeni anajifunza mila za wenyeji kabla ya kuwahukumu. Anamtafuta pia mwenye hekima wao, Profesa Barnhardt, anamsahihishia hesabu ubaoni, na wawili hao wanaafikiana kuwaita wanasayansi wa dunia.

Ili asikilizwe, Klaatu anausimamisha umeme wa dunia nzima kwa nusu saa, adhuhuri. Lakini anaziacha hospitali, na anaziacha ndege zilizo angani. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa, na tutalirudia.

Kwa mtaalamu wa lugha, tukio lenye kuvutia zaidi ni lile la maneno matatu. Klaatu, akijua huenda akauawa, anamfundisha Helen Benson, mama yake Bobby, sentensi ya lugha ya huko kwao ili akamwambie Gort. Helen ni karani wa ofisini. Haijui lugha ile, wala filamu haitupi tafsiri yake popote. Lakini anaihifadhi, anaikariri njiani, na mbele ya roboti, huku miguu ikimtetemeka, anaitamka. Dunia inaokolewa na mwanafunzi wa lugha aliyeshika matamshi yake sawasawa. Sijui filamu nyingine iliyoupa usemi heshima ya namna hiyo.

Mwishoni Klaatu, aliyeuawa na kurudishiwa uhai kwa muda, anasimama mbele ya wanasayansi waliokusanyika kutoka nchi nyingi na kutoa hotuba yake. Hotuba ni fupi. Asema kwamba dunia inaweza kufanya itakavyo ndani ya mipaka yake, ila ikipeleka vita na silaha za atomiki kwa jirani zake wa angani, itateketezwa. Kisha anawaachia uamuzi na kuondoka. Jibu halitolewi. Hadhira iliyo ndani ya filamu inabaki kimya, na hadhira iliyo kwenye viti inakwenda nyumbani na swali.

4. Kasoro ya filamu ya kwanza

Haifai kuisifu kazi ya zamani kana kwamba haina doa. Ujumbe wa Klaatu wenyewe una mashaka. Asema kwamba sayari zao zimepata amani kwa kuwaunda roboti kama Gort wawe polisi, na kuwapa mamlaka yasiyoweza kubatilishwa. Anayevunja amani anaadhibiwa papo hapo. Mtazamaji wa Kenya, akikumbuka kwamba mwaka mmoja tu baada ya filamu hii, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini, hataipokea amani ya namna hii kwa makofi. Tumewahi kuletewa utulivu na mgeni mwenye bunduki, nasi tunajua bei yake.

Hata hivyo, tunaweza kuupinga ujumbe huu kwa sababu umesemwa. Klaatu ameueleza mfumo wake hadharani, ameutetea, na kwa kufanya hivyo ameuweka mahali unapoweza kubishaniwa. Katika nzama, yaani baraza la wazee wa Kikamba, hata neno baya lilikuwa na faida likitamkwa kikaoni, kwa kuwa mtu alipata kulijibu. Nguvu isiyojieleza haiachi nafasi hiyo.

5. Filamu ya 2008: mgeni aliyenyamazishwa

Katika filamu ya Derrickson, Klaatu ni Keanu Reeves. Tufe kubwa lenye nuru latua New York, katika bustani ya Central Park. Klaatu anapigwa risasi, anatibiwa, anaomba kuzungumza na viongozi wa dunia, na Waziri wa Ulinzi wa Marekani, ambaye uhusika wake ulichukuliwa na Kathy Bates, anamkatalia. Mpaka hapa hadithi haijatoka njiani. Mtazamaji anangoja mgeni atafute njia nyingine ya kusema.

Haitafuti. Kuanzia hapo hataki tena kusema na watu. Uamuzi wa kuwaangamiza binadamu ili sayari iokoke umekwisha kupitishwa na wenzake. Matufe mengine yanakusanya wanyama kama safina ya Nuhu. Na swali lililobaki ni kama Klaatu atabadili nia. Helen, ambaye sasa ni mwanasayansi na uhusika wake umechukuliwa na Jennifer Connelly, pamoja na mtoto wake wa kambo Jacob, wanamsihi. Anachokiona hatimaye ni machozi yao kaburini kwa baba ya mtoto, naye analegea.

Twaona basi kwamba uzito wa hadithi umehama. Mwaka 1951 walioombwa kubadilika walikuwa binadamu, nao waliambiwa kwa nini. Mwaka 2008 anayeombwa kubadilika ni mgeni, na binadamu wengine wote, mabilioni yao, hawajui hata shitaka lao. Wanahukumiwa bila kuitwa barazani, kisha wanasamehewa bila kuambiwa. Mtu aliyesamehewa kosa asilolijua atawezaje kuliacha? Filamu inayojidai kufundisha juu ya kubadilika haikumfundisha mtu yeyote ndani yake, isipokuwa mwalimu mwenyewe.

Nilipozitazama filamu hizi mbili kwa mfuatano pamoja na jamaa zangu, katika kijiji kisicho mbali na soko la Matiliku, huku nikiwafasiria, ajuza mmoja aliuliza juu ya ile ya pili: "Huyu naye alikuja kufanya nini, mbona ameondoka na neno lake?" Swali hilo ni uhakiki kamili. Matiliku iko katika eneo la mlima Nzaui, na masimulizi ya Wakamba husema kwamba Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza kutoka juu hadi kwenye mwamba wa Nzaui, wakaacha nyayo zao katika jiwe. Kwa watu hao, kiumbe kushuka kutoka angani si ajabu ya kuwafumbua macho. Wanalolisubiri ni kuambiwa ameshukia nini.

Yale maneno matatu nayo yamepata msiba. Waliorudia filamu hawakuthubutu kuyaacha, kwa kuwa watazamaji wangeyauliza. Wameyaweka mapema, kinywani mwa Klaatu mwenyewe, katika sauti iliyopotoshwa na kelele kiasi kwamba asiyeyajua hatayasikia. Helen hapewi nafasi ya kuyakariri. Kilichokuwa tendo la ujasiri wa binadamu kimekuwa pambo.

Gort pia amekua kimo mara nyingi, kisha anageuka kuwa wingu la vijidudu vya chuma vinavyotafuna malori na uwanja wa michezo. Picha hizi zimesanifiwa kwa ustadi, na anayewakumbuka nzige walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 anaweza kutetemeka. Lakini Gort wa 1951 alitisha kwa sababu alisimama kimya, akingoja neno. Wingu la vijidudu halingoji neno la mtu.

Haki yatutaka tutaje mazuri. Tukio la Profesa Barnhardt, ambaye uhusika wake ulichukuliwa na John Cleese, lina mabishano ya kweli: profesa anadai kwamba viumbe hubadilika wanapofika ukingoni, na Klaatu anashindwa kumjibu. Zuri zaidi ni lile la mzee Wu, mwenzake Klaatu aliyekaa duniani miaka 70, ambaye uhusika wake ulichukuliwa na James Hong. Wawili hao wanazungumza Kichina. Mzee ametoa hukumu kwamba binadamu hawatabadilika, lakini amekataa kuondoka, kwa kuwa amewapenda. Hapa kuna mgeni aliyejifunza lugha, akala chakula, akazaa, akawa mwenyeji. Ndani ya dakika chache hizo imo filamu ambayo ilipasa kutengenezwa. Inasikitisha kwamba mazungumzo haya juu ya uharibifu wa dunia yamewekwa katika mkahawa wa McDonald's, na filamu haionyeshi kwamba imeona kinyume kilichomo.

6. Suala la mazingira

Watetezi wa filamu ya pili husema kwamba iliibadili dhamira kulingana na wakati wake: hofu ya bomu ikaondolewa, uharibifu wa mazingira ukawekwa. Mabadiliko haya yenyewe ni halali, na kwetu sisi yana uzito kuliko yale ya bomu. Makueni na Kitui ni nchi kame. Watu wake wanajua maana ya mto kukauka. Lakini dhamira haitoshi kutajwa. Katika filamu hii uharibifu wa mazingira unatajwa kwa sentensi chache, wala hatuonyeshwi mto mmoja uliokufa au mtu mmoja aliyeuua. Hatujui nani ameharibu zaidi na nani ameathirika zaidi. "Binadamu" wote wametiwa katika kapu moja, mwenye viwanda na mwenye jembe.

Udhaifu huu unafika kileleni katika mwisho wa filamu. Ili kuvizuia vijidudu, Klaatu anasimamisha mashine zote duniani. Saa zinasimama, magari yanasimama, taa zinazimika, naye anaondoka. Tukumbuke sasa hospitali na ndege za 1951. Klaatu wa kwanza, katika nusu saa tu, alimfikiria mgonjwa aliye kitandani. Klaatu wa pili anauondoa umeme bila kutuambia utarudi lini, na filamu haimfikirii mgonjwa hata kwa picha moja. Mtazamaji wa Matiliku, ambaye anajua kwamba pampu ya kisima ikizimika wanawake watarudi kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji, na kwamba friji ya zahanati ikizimika chanjo itaharibika, hawezi kuuona mwisho huu kuwa wokovu. Aliyechafua kidogo kuliko wote ndiye ataumia mwanzo.

Tena, uzoefu wetu hauafiki kwamba watu huyalinda mazingira kwa kushtukizwa na nguvu ya ajabu. Uchotaji wa mchanga mitoni umezua ugomvi mwingi katika Makueni, na mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha sheria ya kuuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake. Sheria peke yake haimalizi tatizo. Lakini hutungwa kwa maneno, hubishaniwa, na mwenye kuivunja anajua alichokivunja.

Anayetaka kuona dhamira hii ikishughulikiwa kwa ustadi na aitazame Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya Kikenya ya 2009, ambayo haifiki nusu saa. Humo nako usemi ni haba: katika jamii iliyojifungia ardhini baada ya vita vya maji, Asha anawasiliana na wakubwa wake kwa kupitia kompyuta. Lakini ukimya huo una maana. Ni ukimya wa watu walionyimwa hata jasho lao, ambalo husafishwa likanywewa tena, na mtazamaji anauhisi kuwa dhuluma. Asha anapotoka kwenda kuipanda mbegu yake jangwani na kuitilia maji yake ya mwisho, tendo lake linasema kile ambacho baraza lilimkataza. Katika filamu ya 2008 ukimya ni pengo tu. Tofauti ya gharama kati ya kazi hizi mbili ni kubwa mno, nayo yatosha kuwaonyesha wanafunzi wetu kwamba umaskini wa vifaa si kisingizio cha umaskini wa fikra.

7. Hitimisho

Hadithi ya kubuni ya kisayansi ina kazi moja kuu: kumweka binadamu mbele ya jicho geni ili ajione. Katama Mkangi aliifanya kazi hiyo kwa Kiswahili katika riwaya ya Walenisi (1995), ambamo Dzombo anarushwa angani kwa hukumu na kufika katika nchi inayomfunza upya utu. Jicho geni halifai kitu likitutazama bila kutuambia lilichokiona.

Filamu ya Robert Wise, pamoja na polisi wake wa chuma tusiowataka, ilitufikishia habari na kutuachia jibu. Filamu ya Derrickson ilikuwa na fedha, mitambo, waigizaji wenye jina, na dhamira ambayo dunia iliihitaji. Ikamfanya mjumbe wake kuwa kinyonga aliyefika mbele za watu akasema ametumwa, na asiendelee. Wanaotaka kuirudia tena hadithi hii, au kuirudia hadithi yoyote ya zamani, hata ngano zetu tunazoziandalia sasa filamu na vipindi vya televisheni, hawana budi waanze kwa kuuliza ni neno gani hadithi hiyo ilitumwa kulisema. Wakiisha kulijua, na wabadili mengine yote watakavyo.